Je, Sara Alikanda Unga Kweli?

Mwanzo sura ya 18 inafunguka wakati wa jua kali. Ibrahimu ameketi mlangoni pa hema lake penye mialoni ya Mamre, anainua macho na kuona watu watatu wamesimama. Anawakimbilia, anawasihi wasipite, anamhimiza Sara akande unga, kisha yeye mwenyewe anakwenda mbio kuchagua ndama laini. Wageni wanakula. Wakimaliza wanatoa habari iliyowaleta: mwakani Sara atakuwa na mtoto wa kiume. Sara, aliye nyuma ya mlango wa hema, anacheka moyoni.

Msomaji Mwislamu anakijua kisa hiki kutoka Sura Hud, ila huko mikono ya wageni haikukifikia chakula, na hapo ndipo Ibrahimu alipoingiwa na hofu. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, wa Talmudi, mkusanyiko mkuu wa mijadala yao, nao walikutana na tatizo hilohilo: malaika anakulaje nyama? Jibu lao ni kwamba wageni wale walijifanya wanakula, kwa adabu tu, maana mtu haachi desturi ya mahali alipofika. Musa alipopanda mbinguni hakula. Malaika waliposhuka duniani walionekana wakila. Rashi, mfasiri mkuu wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1105 huko Troyes, Ufaransa, anarithi mapokeo hayo na kugawa majukumu: malaika mmoja wa kumpa Sara habari, wa pili wa kumponya Ibrahimu kidonda cha tohara, wa tatu wa kuiangamiza Sodoma, kwa kuwa malaika mmoja hapewi kazi mbili. Katika yote hayo hakuna aliyetilia shaka kwamba palikuwa na hema, unga na ndama aliyechinjwa.

Halafu akaja Moshe ben Maimon akasema kwamba yote hayo Ibrahimu aliyaona katika maono.

Ninafundisha falsafa ya dini ya Zama za Kati, na nikitaka kueleza Wayahudi walibishana nini kuhusu unabii, sianzi na Isaya wala na bishara yoyote. Naanza na unga wa Sara. Sababu ni kwamba kwetu neno nabii limeshikamana sana na utabiri. Ukimtaja nabii, swali la kwanza ni atasema nini kuhusu kesho: uchaguzi, ndoa, ugonjwa, fedha. Mabango ya barabarani yameliimarisha zaidi wazo hilo. Katika maandiko ya Kiyahudi ya Zama za Kati swali hilo lipo, lakini limekaa pembeni. Swali lililowanyima usingizi ni jingine: Mungu hana mwili, hana kinywa wala koo, mwanadamu ana masikio ya nyama. Basi imeandikwa “Mungu akasema”. Kilitokea nini hasa, na kilitokea wapi?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Wayahudi humwita Rambam, kifupisho cha jina lake. Alizaliwa Córdoba, Uhispania ya Waislamu, mwaka 1138, ingawa vitabu vingi bado huandika 1135. Familia yake ilikimbia utawala wa Wamuwahidi, nasaba ya Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini, ikaishi Fez kwa muda, na hatimaye yeye akatulia Fustat, ubavuni mwa Kairo, akawa tabibu wa al-Qadi al-Fadil, waziri wa Sultani Salahuddin. Kitabu chake cha falsafa, Mwongozo wa Waliotatizika, alikikamilisha karibu na mwaka 1190. Alikiandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu wa Pwani walivyoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Samuel ibn Tibbon alimaliza kukitafsiri kwa Kiebrania mwaka 1204, mwaka uleule Rambam alipofariki, na hapo ndipo moto ulipowaka katika jumuiya za Ufaransa na Uhispania.

Katika sehemu ya pili, sura ya 42, Rambam anaweka kanuni: popote Maandiko yanaposema malaika alionekana au alinena, jambo hilo lilikuwa katika ndoto au maono ya unabii, iwe imesemwa wazi au haikusemwa. Wageni wa Mamre ni maono. Yakobo kushindana mweleka na mtu hadi alfajiri ni maono. Punda wa Balaamu kufungua kinywa na kulalamika kwamba anapigwa bure, maono pia. Sura nne mbele anakwenda mbali zaidi. Isaya kutembea uchi miaka mitatu, Ezekieli kulala ubavu wa kushoto siku 390, Hosea kuoa mwanamke kahaba: hakuna lililofanyika barabarani mbele za watu. Manabii waliona wakitenda hayo, kisha wakayasimulia. Mungu, anasema Rambam, hawafanyi manabii wake kuwa kichekesho cha wapumbavu.

Kanuni hii inatokana na jinsi anavyomwelewa malaika. Kwake, malaika ni akili isiyo na mwili, na kitu kisicho na mwili hakionekani kwa jicho. Kwa hiyo akionekana, ameonekana kwa kiungo kingine. Hapa Rambam anachota kwa wanafalsafa Waislamu al-Farabi na Ibn Sina bila kuona haya. Unabii, anaandika katika sura ya 36, ni mmiminiko utokao kwa Mungu kupitia Akili Tendaji, yaani ya mwisho katika safu ya akili zisizo na mwili, ile inayohusika na dunia yetu. Mmiminiko huo huingia kwanza katika akili ya mtu, kisha hufurika hadi kwenye nguvu yake ya taswira, nguvu ileile inayotengeneza ndoto. Akili inapokea ukweli, nguvu ya taswira inauvika sura: wageni watatu, ngazi yenye malaika, chungu kinachochemka, magurudumu yenye macho. Talmudi ilikwisha kusema kwamba ndoto ni sehemu moja ya sitini ya unabii, na Rambam anaishika kauli hiyo kwa mikono miwili. Kwake tofauti ya ndoto na unabii ni ya kiwango.

Sura inayofuata ina mgawanyo ninaoupenda kuliko yote. Mmiminiko ukimfikia mtu katika akili peke yake, anakuwa mwanazuoni. Ukifika kote kuwili, kwenye akili na kwenye nguvu ya taswira, tunapata nabii. Je, ukifika kwenye nguvu ya taswira tu huku akili ikiwa dhaifu? Hapo, anasema, ndipo wanapopatikana watawala wa miji, watunga sheria, wapiga ramli na waota ndoto za kweli. Mwanasiasa na mganga wa ramli katika kapu moja! Rambam alikuwa ameishi karibu na watawala vya kutosha kujua anachoandika.

Ukikubali nadharia hiyo, swali la nani anaweza kuwa nabii linageuka. Rambam anaorodhesha maoni matatu. Watu wa kawaida, na hapo anawaweka pia baadhi ya Wayahudi wenzake, hudhani Mungu humteua amtakaye, msomi au mjinga, mradi awe na tabia njema. Wanafalsafa husema unabii ni ukamilifu wa maumbile ya mwanadamu: mtu aliyekamilika katika akili, tabia na nguvu ya taswira, akijiandaa ipasavyo, lazima atakuwa nabii. Maoni ya tatu, anayoyaita ya sheria ya Musa, ni sawasawa na ya wanafalsafa isipokuwa kwa jambo moja: aliyejiandaa kikamilifu anaweza asipate unabii kwa sababu Mungu amemzuia, na kuzuiwa huko ni muujiza.

Msomaji atulie hapo kidogo. Kwa mtu wa kawaida, muujiza ni Mungu kumpa mtu unabii. Kwa Rambam, muujiza ni Mungu kumnyima. Mfano anaoutoa ni Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa Yeremia, aliyejifunza na kujiandaa lakini akaambiwa, “Je, unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute.” Halafu Rambam huyohuyo anaongeza kwamba inawezekana kusema maana yake ni kuwa unabii ulikuwa mkubwa mno kwa Baruku, yaani hakuwa amefikia kiwango. Ushahidi wake mkuu anautoboa mwenyewe! Kwa karne nyingi wafasiri wamegawanyika: je, aliamini kweli kwamba Mungu huzuia, au aliandika hivyo kujikinga? Mimi ni wa kundi linalosadiki kwamba aliamini. Lakini nakiri nafasi aliyomwachia Mungu katika uteuzi wa nabii ni nyembamba kiasi kwamba wakosoaji wake walikuwa na haki ya kushtuka.

Mkosoaji aliyeshtuka kwa ufasaha kuliko wote ni Moshe ben Nachman wa Girona, Ramban kwa kifupi. Majina haya mawili yanayofanana huwachanganya wanafunzi kila muhula: mmoja anaishia na herufi m, mwingine na n. Alizaliwa mwaka 1194, akawa tabibu pia, akabishana na mtawa Pablo Christiani mbele ya Mfalme James wa Aragon huko Barcelona mwaka 1263, kisha akahamia Nchi Takatifu na kufia huko mwaka 1270. Katika ufafanuzi wake wa Mwanzo 18 anamnukuu Rambam kwa haki kabisa, halafu anaanza kuuliza.

Kama yote yalikuwa maono, basi Sara hakukanda unga, Ibrahimu hakuandaa ndama, na Sara hakucheka. Maono ya namna gani haya, yaliyojaa shughuli za jikoni kama ndoto za mtu aliyeshiba vibaya? Na kama Yakobo alishindana na malaika usingizini, kwa nini alipoamka alichechemea? Je, na Lutu? Wageni walewale walifika Sodoma jioni ile, Lutu akawaokea mikate isiyotiwa chachu, watu wa mji wakauzingira mlango. Kama hayo yalikuwa maono ya Lutu, basi Lutu alibaki kitandani mwake na Sodoma ikaangamia naye akiwa ndani. Na wale waovu waliokuja kugonga mlango, waliwaonaje wageni? Nao walikuwa manabii? Ramban anahitimisha kwamba maneno kama hayo yanapingana na Maandiko, na ni haramu kuyasikiliza, seuze kuyaamini.

Yakobo kuchechemea, kwa maoni yangu, ndiyo hoja iliyomkaba Rambam koo. Kwa Lutu anaweza kujinusuru: hakusema kila aliyetajwa pamoja na malaika ni nabii. Hajiri na wazazi wa Samsoni, anaandika, hawakuwa manabii. Walichosikia kilikuwa cha daraja la chini zaidi. Lakini mguu ni mguu. Watetezi walijitokeza, na anayejulikana zaidi ni Yom Tov Asevilli wa Sevilla, aliyeandika kitabu kizima kumkinga Rambam dhidi ya shutuma za Ramban, ilhali yeye mwenyewe alisomeshwa na wanafunzi wa Ramban.

Ramban naye ana jibu lake kuhusu malaika: wakati mwingine huvikwa utukufu ulioumbwa, ambao wenye ujuzi huuita vazi, na watu wasafi wa nafsi huweza kuuona kwa macho. Baada ya hapo anafunga mdomo. Hawezi kueleza zaidi, anasema. Ni ukimya wa mtu wa Kabbala, elimu ya siri ya Kiyahudi. Wazo la utukufu ulioumbwa si geni. Saadia Gaon, mzaliwa wa Fayyum aliyeongoza chuo cha marabi kilichoitwa Sura, huko Baghdad, alikuwa ameandika tangu mwaka 933 kwamba sauti waliyoisikia manabii na nuru waliyoiona viliumbwa na Mungu kwa ajili hiyo, ili nabii awe na uhakika na asiyekuwa na mwili asipewe mwili. Kwa Saadia kitu kimetokea nje ya nabii. Kwa Rambam kimetokea ndani yake. Mpaka uliowagawa wote waliofuata ni huo.

Yehuda Halevi hakupenda upande wowote kati ya hizo mbili. Mshairi huyu wa Uhispania, aliyefariki mwaka 1141 baada ya kufunga safari kuelekea Nchi Takatifu, aliandika Kuzari kwa njia ya mazungumzo kati ya mfalme wa Wakhazari na mwanazuoni wa Kiyahudi. Kwake unabii si tuzo ya masomo. Ni kipawa, amri ya Mungu iliyorithiwa tangu Adamu, ikapita kwa mtu mmoja mmoja mpaka ikatua kwa wana wa Yakobo wote, na inahitaji nchi yake kama mzabibu unavyohitaji udongo. Nabii yeyote, anasema, alitabiri ndani ya nchi hiyo au kwa ajili yake. Ezekieli aliyeona maono penye mto Kebari, Babeli, anaingizwa kwa mlango wa pili. Halevi anatamka pia kwamba mgeni aliyeingia dini ya Kiyahudi anaweza kuwa mcha Mungu na msomi, lakini si nabii.

Hapo nasimama upande wa Rambam bila kusita. Katika kitabu chake cha sheria anaandika kwamba ni msingi wa dini kujua kuwa Mungu huwapa unabii wanadamu, na neno alilochagua ni wanadamu. Talmudi yenyewe inawahesabu manabii saba wa mataifa, wakiwemo Balaamu na Ayubu. Tena inasimulia kwamba Obadia, mwenye kitabu kifupi kuliko vyote kati ya vile vya manabii, alikuwa Mwedomu aliyeingia dini ya Kiyahudi. Halevi alikuwa mshairi mkubwa, lakini Obadia huyo angemsumbua.

Kabla ya falsafa kulikuwa na marabi, na wao hawakujenga nadharia. Walitupa mawe ya thamani na kuondoka. Talmudi inasema manabii waliofundisha Israeli walikuwa wanaume arobaini na wanane na wanawake saba: Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta. Inasema pia waliotabiri walikuwa wengi mno, mara mbili ya waliotoka Misri, ila uliandikwa tu unabii unaohitajika kwa vizazi. Inauliza kwa nini Mfalme Yosia alituma watu kwa Hulda na si kwa Yeremia, na kujibu kwamba wanawake wana huruma. Kuhusu maono ya Isaya na Ezekieli inasema wote waliona kitu kilekile, lakini Isaya ni mtu wa mjini aliyemwona mfalme na Ezekieli ni wa shamba aliyemwona mfalme. Ndiyo maana Ezekieli anaeleza kila gurudumu. Na manabii wawili, wanasema, hawatabiri kwa mtindo mmoja wa maneno. Rambam angeweza kukaa juu ya kauli hizo siku nzima, maana zote zinakiri kwamba nabii si bomba tupu. Alivyo mtu huingia katika asemacho.

Ipo pia kauli kwamba Mungu hashushi Shekina yake, yaani uwepo wake, ila kwa mwenye nguvu, tajiri, mwenye hekima na mnyenyekevu. Tajiri! Rambam anaigeuza kwa msaada wa Mishna, mkusanyiko wa sheria ulio msingi wa Talmudi: mwenye nguvu ni anayeitawala tamaa yake, na tajiri ni anayeridhika na fungu lake. Wapo wafasiri waliosisitiza utajiri wa fedha hasa, kwa hoja kwamba nabii asiyehitaji kitu cha mtu hanunuliki. Sijui kwa nini hoja hiyo haijapata wahubiri wengi.

Pengine mtu ataona kwamba Rambam amemgeuza nabii kuwa profesa mwenye ndoto nzuri. Baruch Spinoza aliliona hilo, akalipindua. Jumuiya ya Amsterdam ilimtenga mwaka 1656, na mwaka 1670 kitabu chake kuhusu dini na siasa kikatoka bila jina la mwandishi. Anakubaliana na Rambam kwamba manabii waliona kwa nguvu ya taswira. Kisha anaikata akili: walikuwa na taswira kali, si akili kubwa kuliko wengine, kwa hiyo wasikilizwe katika mambo ya haki na upendo lakini si katika maarifa ya maumbile. Kwa kukata huko Rambam anabaki na nusu aliyowapa wapiga ramli.

Abraham Joshua Heschel alikuja na shutuma kutoka upande wa pili kabisa. Mzaliwa wa Warsaw mwaka 1907, alisomea Berlin, na tasnifu yake kuhusu manabii ilichapishwa kama kitabu mwaka 1936, wakati Wayahudi wa Ujerumani wanaminywa. Aliipanua kwa Kiingereza mwaka 1962, na miaka mitatu baadaye aliandamana Selma pamoja na Martin Luther King. Hoja yake ni kwamba wanafalsafa walichunguza njia ya unabii wakasahau yaliyomo. Amosi hatoi somo la metafizikia; ana hasira kwa ajili ya maskini aliyeuzwa kwa jozi ya viatu, na hasira hiyo si yake peke yake. Nabii, kwa Heschel, ni mtu anayehisi pamoja na Mungu. Rambam asingevumilia sentensi hiyo, kwa sababu kwake Mungu hana hisia. Tunasema amekasirika tukimaanisha kwamba matendo yake yanafanana na ya aliyekasirika. Nikisoma Yeremia namwelewa Heschel. Nikisoma sura ya kwanza ya Ezekieli narudi kwa Rambam.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo mwanafalsafa na marabi wanasimama pamoja, na ndipo msomaji wetu hushangaa zaidi: nabii hana mamlaka juu ya sheria.

Msingi ni Musa. Hesabu sura ya 12 inasema Mungu hujifunua kwa manabii katika maono na ndoto, lakini kwa Musa mdomo kwa mdomo. Marabi walisema manabii wote walitazama kwa kioo cha giza, Musa kwa kioo kinachong'aa. Rambam anataja tofauti nne: Musa alipokea akiwa macho, bila malaika, bila kutetemeka, na wakati wowote alipotaka. Katika Mwongozo anaorodhesha daraja kumi na moja za unabii na kumwacha Musa nje ya orodha. Matokeo yake ni kwamba Torati iliyokuja kwa Musa haiwezi kubadilishwa na nabii aliye chini yake, na wote wako chini yake. Hata miujiza haisaidii. Waisraeli, anaandika, hawakumwamini Musa kwa sababu ya ishara, maana aaminiye kwa ishara bado ana doa moyoni. Waliamini kwa sababu walisimama Sinai wenyewe.

Nabii anaweza kusimamisha amri kwa muda, kama Eliya alivyotoa dhabihu Karmeli ilhali ilikatazwa nje ya Yerusalemu. Lakini akisema Mungu amemfunulia kwamba katika ubishi wa sheria Rabi fulani ndiye yuko sahihi, huyo ni nabii wa uongo. Katika utangulizi wa ufafanuzi wake wa Mishna, Rambam anapiga hesabu: manabii elfu moja, wote wa kiwango cha Eliya na Elisha, wakifasiri amri namna moja, na wanazuoni elfu moja na mmoja wakaifasiri namna nyingine, tunafuata wanazuoni. Wanazidi kwa mmoja.

Hakuvumbua yeye. Talmudi inasimulia ubishi kuhusu tanuri, Rabi Eliezer akiwa peke yake dhidi ya wenzake. Akaita ushahidi: mti wa karobu ukang'oka, maji ya mfereji yakarudi nyuma, kuta za chuo zikainama. Hatimaye sauti ikatoka mbinguni ikisema Eliezer yuko sahihi. Rabi Yehoshua akasimama na kunukuu Kumbukumbu la Torati: “Haiko mbinguni.” Baadaye mmoja wao alikutana na Eliya na kumuuliza Mungu alifanya nini saa ile. Alicheka, akajibu Eliya, akasema, “Wanangu wamenishinda.”

Basi utabiri unabaki na kazi gani? Ya kumpima nabii, na hapo Rambam ni mkali. Akibashiri mema, lazima yatimie mpaka chembe ya mwisho. Akibashiri mabaya, yasipotokea hatuwezi kumhukumu, kwa sababu watu huenda wametubu, kama Ninawi ilivyofanya na Yona akabaki na hasira zake. Katika Yeremia 28, Hanania anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya Hekalu vitarudi kutoka Babeli. Yeremia anaitikia amina, Mungu na afanye hivyo, kisha anaongeza kwamba nabii wa amani atajulikana neno lake litakapotimia. Halikutimia, na Hanania alikufa mwaka uleule. Watosafi wa Ufaransa, wafafanuzi wa Talmudi wa Zama za Kati, walisema kwa ufupi: nabii hutabiri lile linalopaswa kuwa. Yeshayahu Leibowitz, mwanasayansi na mwanafalsafa wa Yerusalemu aliyefariki mwaka 1994, aliirudia kauli hiyo bila kuchoka kila alipoulizwa kama bishara za manabii zinatimia katika taifa la Israeli la leo.

Wanafunzi huuliza pia kama unabii unaweza kurudi. Talmudi inasema walipokufa Hagai, Zekaria na Malaki, roho ya utakatifu iliondoka katika Israeli. Rabi Yohanan aliongeza kwa kejeli kwamba tangu Hekalu kubomolewa unabii walipewa wapumbavu na watoto. Rambam, kwa kuwa anaamini unabii una masharti ya kimaumbile, anatoa sababu ya kimaumbile: uhamishoni kuna huzuni na unyonge, na nguvu ya taswira haifanyi kazi kwa mtu aliyevunjika. Elisha alitaka mpiga kinanda kwanza. Sababu ikiondoka, unabii utarudi.

Na hapo mwanafalsafa huyu mkavu anatushangaza. Mwaka 1172 aliwaandikia Wayahudi wa Yemeni, waliokuwa wanalazimishwa kubadili dini na wametokewa na mtu aliyejitangaza mtangulizi wa Masihi. Anawakataza kupiga hesabu za mwisho wa nyakati. Kisha, katika barua hiyohiyo, anawaeleza mapokeo aliyoyapata kwa baba yake na babu zake kwamba unabii utarudi Israeli katika mwaka unaolingana na 1210, au 1216 kwa nakala nyingine. Yeye alikufa kabla, mwezi wa Desemba 1204. Heschel aliandika makala mwaka 1945 akiuliza kama Rambam alidhani yeye mwenyewe amefikia unabii. Sidhani. Lakini Abraham Abulafia, aliyezaliwa mwaka 1240, aliusoma Mwongozo kama kitabu cha mafunzo, akaongeza mbinu zake za kuchanganya herufi na kuvuta pumzi, akajitangaza nabii, na mwaka 1280 akaenda Roma kukutana na Papa Nicholas wa Tatu. Papa akafariki ghafla, Abulafia akawekwa kizuizini kwa muda na kuachiwa. Aliyempiga vita zaidi baadaye hakuwa Mkristo. Alikuwa Shlomo ibn Adret, rabi wa Barcelona, mwanafunzi wa Ramban.